Kongosho la Mpiga Mbiu

Simu ilipoita, mke wa Kipaza alikuwa amepiga magoti juu ya pazia la watu, pini kinywani, utepe wa kupimia shingoni. Kwa miezi kadhaa moyo wake ulikuwa na tabia moja: namba asiyoijua ikiita, wenyewe unaruka kabla yake. Aliipokea kwa kidole kidogo. Mwanamke wa upande wa pili alijitambulisha kuwa ni nesi wa wodi ya upasuaji, akauliza kama hapo ni kwa yule mgonjwa wa kongosho.

"Mmm," akajibu, pini bado zimo.

"Amepata nafasi, mama. Alhamisi ijayo anapasuliwa, Jumatano anaingia wodini. Kabla ya kuingia anapimwa korona, na kipimo kisiwe na kitu. Umenisikia? Kisiwe na kitu. Kikiwa na kitu, nafasi anapewa mwingine."

Pini zilimwagika zote sakafuni.

"Baba watoto!" alipiga kelele hata cherehani ikatetemeka juu ya meza yake. "Baba watoto, tumepata! Amka, tumepata!"

Aliyekuwa akiitwa aamke hakuwa amelala. Alikuwa uani anamsimulia jirani, kwa mara ya ngapi sijui, jinsi alivyowahi kutangaza mechi nzima sauti ikiwa imekauka. Jina lake la kuzaliwa lilishasahauliwa hata na mama mkwe wake. Mtaa mzima ulimwita Kipaza, na sababu ilikuwa kazi yake: alizunguka na gari la matangazo, lile lenye spika mbili juu ya paa, akitangaza mechi za uwanja wa mtaa, sabuni mpya dukani, mtoto aliyepotea, mtoto aliyepatikana. Siku akikosa cha kutangaza, alitangaza alichokula.

Korona ilipoingia, kazi za watu zikafa, ya kwake ikanenepa. Watu wa afya walimkodi. Wakamrekodi sauti, wakaipiga asubuhi mpaka jioni kwenye spika zake mwenyewe: "Ndugu mwananchi! Nawa mikono! Vaa barakoa! Kaa mbali na mwenzio! Msongamano ni hatari!" Gari lilizunguka hadi kasuku wa mwalimu mkuu akayajua maneno yote, na huyo ndiye pekee aliyeyafuata, maana alikuwa na kizimba chake.

Kisha naye mwenyewe akaumwa. Homa, kikohozi, pumzi za kukimbiza, akapona. Lakini baada ya kupona mwili haukukaa sawa. Kiu haikumwisha. Suruali zikaanza kumvuka. Maumivu yakamshika tumboni yakatokea mgongoni, na sukari ikapanda kwa mtu ambaye kwao hakuna aliyewahi kuugua kisukari. Kituo cha afya wakamwambia kirusi hiki kina uwezo wa kulichokoza kongosho, wameona wengine sukari zao zikipanda hivyo hivyo baada ya kupona, ameze vidonge na asiende hospitali kubwa bila sababu, kumejaa. Naye akaridhika, mkewe akaridhika. Miezi ile kila kitu kilikuwa korona. Jino likikuuma, korona. Mke akikununia, korona.

Aliyeshtuka alikuwa nesi wa getini, yule mwenye kibastola cha kupimia joto. Siku Kipaza amefuata vidonge vyake, nesi alimwelekezea kibastola kwenye paji la uso, halafu akakishusha. Watu wote walikuwa wamejifunika nyuso, kwa hiyo dada wa watu kutwa nzima alikuwa hatazami kitu isipokuwa macho.

"Baba, macho yako yamekuwa ya njano tangu lini?"

"Haya? Ni usingizi tu, dada."

"Usingizi hauna rangi. Pita upande huu."

Pita upande huu ikamfikisha kwenye skani, na skani ikamfikisha kwa daktari mpasuaji, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira na sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea kusikilizwa. Alichukua kalamu, akawachorea Kipaza na mkewe tumbo la mtu nyuma ya karatasi ya vipimo.

"Hili ni kongosho. Limejilaza huku nyuma ya tumbo la chakula, kama ulimi. Linatengeneza dawa ya kusaga chakula, na linatengeneza insulini ya kushika sukari."

"Kumbe nina ndimi mbili!" Kipaza akasema. "Watu walikuwa wananishuku tu."

Mkewe akamfinya paja. Daktari hakucheka, ila kalamu yake ilisimama kidogo.

"Kwenye kichwa cha ulimi huu kuna uvimbe. Ni saratani. Umeubana mrija wa nyongo, ndiyo maana umekuwa wa njano. Na sukari yako inawezekana nao umeisukuma. Korona ilichangia kiasi gani, siwezi kukuapia, bado tunajifunza. Lakini tulisema korona, tukaacha kutafuta. Sasa habari njema."

"Ipo?" mkewe akauliza.

"Ipo, na si ndogo. Wengi wanaokuja na saratani ya hapa wanafika wakiwa wamechelewa, hakuna cha kukata. Wa kwako ni mdogo, umekaa peke yake. Pembeni yake unapita mshipa mkubwa wa damu, huu hapa. Uvimbe bado haujaugusa. Ukiwa hivi, naukata. Ukiushika mshipa na kuuzunguka, nitafungua tumbo, nitatazama, nitafunga. Kwa hiyo tunakimbizana na kitu kimoja: mshipa huu."

Tatizo lilikuwa kitanda. Upasuaji ule ni mkubwa, na mgonjwa akitoka pale lazima alale chumba cha mahututi, na vitanda vya mahututi vyote vilikuwa na watu wa korona waliokuwa wanapumulia mashine. Wakampitishia mrija mdogo wa kuifungulia nyongo njia, macho yakarudi meupe, wakamwambia nenda nyumbani, kaa karibu na simu. Ndiyo simu yenyewe hii iliyomwaga pini.

Basi hebu fikiria furaha ya nyumba ile. Mke wa Kipaza, mshona mapazia wa mtaa, alicheza peku juu ya pini zake na hakuchomwa hata na moja. Jirani alipiga vigelegele bila kujua vya nini. Naye Kipaza, machozi yanamtoka, aliingia chumbani, akafungua kabati, akatoa kipaza sauti cha mkono, kile cha akiba, akatoka nacho barazani kabla mkewe hajafika mlangoni.

"Wananchi wa mtaa huu! Wapenzi wa soka na wasiopenda! Alhamisi ijayo, mimi Kipaza wenu, naingia uwanjani! Daktari bingwa upande mmoja, uvimbe upande wa pili! Anayetaka kuniaga aje, anayenidai aje, anayenipenda aje mapema!"

"Wewe mwanamume!" mkewe akamnyang'anya. "Nani kakutuma?"

"Mke wangu, habari kama hii mtu anaimezaje? Nitapasuka kabla sijapasuliwa."

Walikuja. Ukiwa umetangaza vifo vya watu na harusi zao, ukawatafutia watoto wao waliopotea, siku yako watu hawabaki nyumbani. Walijaa barazani, uani, hadi dirishani. Wifi yake mshona mapazia, dada mkubwa wa Kipaza, mwanamke mnene mwenye mdomo wa ukoo ule ule, aliwasili na akina mama wenzake, wote wakipokezana Kipaza vifuani kama mtoto mchanga. Barakoa zilishushwa videvuni ili kicheko kipite vizuri. Na katikati ya kukumbatiana kule, gari la matangazo likapita barabarani na sauti yake Kipaza mwenyewe ikaingia uani, nene, imejaa ukali: "Kaa mbali na mwenzio! Msongamano ni hatari!"

Watu walicheka hadi wakaegemeana.

Mshona mapazia naye alicheka. Hilo ndilo lililomuuma baadaye, kwamba alicheka. Alikuwa na hofu kifuani lakini alimwona mumewe ananawiri katikati ya watu kama mmea uliomwagiwa maji, na miezi mingi alikuwa hajamwona hivyo. Akasema moyoni, mwache, siku moja tu.

Jumanne Kipaza alikohoa. Mara moja, kidogo, kama mtu anayesafisha koo atangaze. Wakatazamana.

Jumatano, dirishani kwa maabara, kipimo kilikuwa na kitu.

Daktari mpasuaji aliwapigia simu mwenyewe. Mshona mapazia aliweka sauti ya juu, akaishika simu mbali na uso kana kwamba ina moto.

"Mmekaa na watu?"

"Kidogo," Kipaza akasema.

"Kidogo wangapi?"

Kipaza alianza kuhesabu kwa vidole, vidole vikamwishia.

"Sikiliza, baba. Mtu ambaye ana korona, nikimfanyia upasuaji mkubwa namna hii, mapafu yanamgomea na damu inaganda kwenye mishipa. Ninaweza kukutoa uvimbe vizuri kabisa, kisha nikakuzika. Lazima upone, kisha tusubiri wiki kadhaa juu yake. Kitanda chako nimempa mtu mwingine asubuhi hii."

"Na mshipa?" mshona mapazia akauliza.

"Mshipa hauna habari kwamba tunasubiri. Akipona tu tutampa dripu za dawa ya saratani zishike uvimbe usitembee. Zinaweza kuushika. Zinaweza zisiushike. Safari ijayo nikimpangia siku, mgonjwa asionane na mtu. Hata mimi asinione."

Simu ilipokatika Kipaza alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono katikati ya magoti. "Nimejifunga mwenyewe," akasema taratibu. "Kipa kasimama vizuri, mabeki wapo, mpira nikautia mwenyewe nyavuni."

Mshona mapazia aliinuka, akakata kitambaa kizito cha pazia la ofisi ya watu, kile cha kijani kisichopitisha hata mwanga, akakitundika kutoka ukuta hadi ukuta katikati ya nyumba. Upande mmoja kitanda, dirisha la nyuma na choo. Upande wa pili cherehani na yeye.

"Hapo ndipo ulipo," akasema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakaposhona mlango."

Korona ya safari hii ilikuwa nyepesi, ikampita kama mafua. Dripu ndizo zilizomkalia. Alikwenda kuchomwa kwenye banda la saratani ambako viti vilikuwa vimesogezwa mbalimbali na kila mgonjwa anatazama ukuta wake. Alirudi amekunjamana, ulimi mchungu, vidole vinakufa ganzi akigusa maji baridi. Mkewe alimpima sukari asubuhi na jioni, akamchoma insulini, akampitishia chakula chini ya pazia kwa sinia. Waliongea kupitia kitambaa. Mara nyingine waliongea vizuri zaidi ya walivyowahi kuongea wakitazamana, mara nyingine waligombana kama watu wawili kwenye foleni.

"Chai haina sukari."

"Una kisukari."

"Najua. Naarifu tu."

Watu walipopita barabarani wakimwita, mshona mapazia alitoka mlangoni na mkasi mkononi. Wifi yake ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Alikuja na chungu cha uji, akasimama kwenye ngazi, mkono kiunoni.

"Yaani ndugu yangu, tumbo moja ziwa moja, nisimwone?"

"Wifi, ukimwona nitakupasua mimi kabla daktari hajampasua yeye."

"Makubwa! Sasa nimekuwa mimi korona?"

"Wewe na mimi na kila mwenye pua. Uji weka hapo. Asante, mama. Rudi nyumbani."

Wifi akaweka uji, akashuka ngazi ananung'unika, akazunguka nyuma ya nyumba. Mshona mapazia akamwahi dirishani akiwa ameshapanda ndoo.

Siku ngumu kupita zote ilikuwa ya fainali. Michezo ilikuwa imefunguliwa upya, na nahodha wa timu ya mtaa alikuja mwenyewe, jezi mwilini, akasimama barazani na kofia mkononi.

"Shemeji, tunamwomba dakika za mechi tu. Tutamweka peke yake juu ya paa la gari. Fainali bila Kipaza si fainali, ni mazoezi."

Mshona mapazia alifungua mdomo, na kabla hajasema akasikia pazia linasogea. Akajua amesimama pale nyuma. Alimjua mumewe, angeweza kukaa bila chakula, bila usingizi, lakini uwanja umejaa na kipaza kikiwa mkononi mwa mtu mwingine, hapana. Siku ile alikuwa amepewa tarehe mpya tayari. Mshona mapazia aliuficha ule wasiwasi, akaamua safari hii hatanyang'anya kitu mkononi mwa mtu.

"Nahodha," sauti ikatoka nyuma ya kitambaa, imekwaruzika.

"Naam, kaka!"

"Tafuteni mwingine."

"Kaka..."

"Mna msikiti, mna kanisa, mna mnada wa nguo. Hamkosi mwenye sauti. Mimi nina mechi yangu. Nendeni mkashinde."

Nahodha akaondoka kichwa chini. Mshona mapazia aliweka kiganja kwenye pazia, na upande wa pili, akahisi, kikawekwa kingine. Mchana wakafungua dirisha la nyuma, upepo ukaleta sauti ya uwanjani kwa vipande vipande. Kipaza alisikiliza kwa mateso.

"Huyu anatangaza mpira au anasoma risala ya msiba? Goli hilo! Sema goli, bwana, mbona unaogopa? Lo! Kalimeza!"

Mkewe akacheka hadi akashona kidole.

Kisha mambo yakaanza kukimbia. Skani mpya ilisema uvimbe upo palepale, haukukua, ila upande ule wa mshipa picha haikuwa safi. Kulikuwa na kivuli, huenda ni uvimbe, huenda ni kovu la dripu. "Nitajua nikiwa ndani," daktari akasema. Maabara wakachukua sampuli puani. Mshona mapazia alisubiri dirishani pale pale walipoharibikiwa safari ile. Kijikaratasi kikapitishwa chini ya kioo. Alikisoma, akakigeuza, akakisoma tena, akamrudishia mtu wa maabara.

"Nisomee wewe."

"Hakuna kitu, mama."

"Hakuna kitu kabisa?"

"Ni mweupe pee. Mpisheni mwenye foleni, jamani, mama huyu atanibusu kioo."

Alikibusu kweli, barakoa na yote.

Na bado kitanda kilibidi kipatikane. Asubuhi ya upasuaji Kipaza akiwa ameshavalishwa lile gauni la hospitali linaloacha mgongo nje, nesi wa wodi alikuja akasema watulie kidogo, usiku imeingia ajali, chumba cha mahututi kimebaki na kitanda kimoja cha kutegemea, nacho kina mzee wa korona anayetazamwa kama ataweza kupumua bila mashine. Wakatulia. Mshona mapazia alikuwa amesimama nje ya mlango wa wodi, haruhusiwi kuvuka, anamwona mumewe kwa mbali amekaa wima kitandani. Kipaza alimpungia. Akatembeza vidole viwili juu ya shuka kama mchezaji, akapiga shuti, akajishika kichwa kana kwamba amekosa. Mtu yule. Katika saa ile.

Mara viatu vya mpira vikasikika koridoni, mbiombio.

"Yule mzee amepumua vizuri bila mashine!" daktari mpasuaji akasema akiwa bado mbali. "Anarudi wodini. Kitanda ni chetu. Twende, twende, msukumeni!"

Wakamsukuma kwa kasi, magurudumu yanalia. Alipopita mbele ya mkewe alimnyooshea dole gumba. Daktari alibaki nyuma kidogo.

"Mama, nikwambie jambo, usije ukachanganyikiwa. Nikitoka mapema, si habari njema. Kutoka mapema ni kwamba nimefungua, nimekuta mshipa umeshikwa, nimefunga. Nikikawia, nafanya kazi. Omba nikawie."

Ndipo mshona mapazia akaingia katika siku ya ajabu kuliko zote alizopata kuishi. Ndugu wa wagonjwa waliwekwa nje chini ya hema, viti vimetengana, macho yote kwenye mlango mmoja wa bati la kijivu. Kila mtu pale alikuwa anaomba mlango ufunguke. Yeye peke yake aliomba ubaki umefungwa.

Haukupita muda ukafunguka. Akatoka mwenye kofia ya kijani. Mshona mapazia akaruka kusimama. Lakini yule alikuwa mwanamume mrefu, akamwita mzee mmoja aliyemleta mkewe kwa ngiri.

"Ametoka salama, babu, ilikuwa haraka tu."

"Mungu mkubwa!" mzee akasema, akamgeukia mshona mapazia. "Na wako atatoka sasa hivi, binti yangu."

"Asitoke!" mshona mapazia akajibu. "Tafadhali, babu, usiseme hivyo. Asitoke!"

Mzee akasogeza kiti chake mbali zaidi ya alama ya umbali iliyochorwa chini.

Wifi alifika jua likiwa limeshapanda, anahema, chupa ya chai kwapani. "Vipi? Ametoka?"

"Bado!" mshona mapazia akasema, meno yote nje.

"Bado? Tangu asubuhi? Ole wetu! Na wewe unacheka?"

"Bado, wifi! Bado yumo!"

Alimweleza. Wifi alisikiliza, akageuza mambo kichwani, na uso wake ukafunguka polepole kama dirisha la mbao. Tangu hapo wakawa wawili. Wahudumu walipita na chakula cha wodini, vyombo vikarudi vitupu, mlango haukufunguka. "Bado!" wifi akanong'ona. Kivuli cha hema kikahama upande mmoja kwenda upande wa pili. "Bado!" Wakaanza kushikwa na wazimu wa furaha. Mtu akiukaribia mlango ule kwa nje, mioyo inasimama. Akipita, wanapigana vikumbo vya viwiko. Mshona mapazia alishindwa kukaa, akatembea kuzunguka kiti chake, akihesabu kichwani kila kitu ambacho daktari alisema atakata na kila kitu ambacho atashona tena: kichwa cha kongosho, kipande cha utumbo, mfuko wa nyongo, kisha aunge hiki na kile, kile na kile. Shughuli ya kushona alikuwa anaielewa. Alijua kazi ya pindo dogo inavyokula wakati. Shona, mwanangu, alisema kimoyomoyo. Shona taratibu. Usikimbilie nyuzi.

Halafu, kama mtu anayekunywa kupita kiasi, furaha ikaanza kumgeuka. Mbona muda mrefu hivi? Huenda damu imetoka nyingi. Huenda mapafu yamegoma, korona imeacha kitu. Wifi naye alikuwa ameacha kusema bado. Chai imepoa kwenye chupa. Watu wa hema walikwisha kuondoka mmoja mmoja na wagonjwa wao, na wafagiaji wakaanza kukunja viti.

"Wifi, sema bado," mshona mapazia akaomba.

"Bado," wifi akasema, lakini sauti ilikuwa ya maji.

Mlango ukafunguka.

Daktari mpasuaji alikuwa amevua barakoa, na uso wake ulikuwa na michirizi myekundu mahali ilipokaa kutwa. Alitembea kama mtu anayeshuka kwenye lori baada ya safari ndefu. Alifika kwenye ngazi, akakaa chini pale pale, juu ya saruji, akanyoosha miguu yenye viatu vya mpira.

"Kile kivuli," akasema, "kilikuwa kovu. Mshipa uko safi. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko popote, nabandua kidogo kidogo, kwa sababu kovu nalo linanata. Umetoka."

Mshona mapazia hakusikia. Yaani masikio yalisikia, ila habari haikushuka.

"Sema tena."

"Uvimbe umetoka. Wote ninaouona kwa macho. Maabara wataupima kingo zake, na dripu bado zipo mbele yetu, na insulini ataizoea maana kongosho limepunguzwa. Sikudanganyi kwamba safari imekwisha. Lakini umetoka. Anapumua mwenyewe, bila mashine. Nimemwacha anamwuliza nesi matokeo."

Wifi alikuwa ameshakaa chini naye, miguu imenyooka, analia kwa sauti ya ukoo wote. Mshona mapazia alimiminia daktari chai iliyopoa kwenye kifuniko cha chupa, nusu ikamwagikia gauni la kijani, na daktari akainywa yote iliyobaki bila kuuliza kama ina sukari.

"Sema tena," mshona mapazia akasema.

"Mama, nimesimama tangu asubuhi."

"Mara ya mwisho, daktari. Nakuomba."

Daktari mpasuaji akamtazama, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka kisichoweza kuzuiwa, akafuta midomo kwa mgongo wa mkono.

"Umetoka," akasema. "Umetoka, umetoka, umetoka. Bado chai ipo?"